Watu Kumi na Wawili na Gazeti la Jioni

Julai 21, 1954, gazeti la Cleveland Press, lililokuwa likiingia majumbani jioni, liliweka ukurasa wa mbele tahariri ya kumsuta mchunguzi wa vifo wa wilaya, Dk. Samuel Gerber. Kwa nini hajaitisha uchunguzi wa hadharani? Auitishe sasa! Siku hiyohiyo Gerber akauitisha. Kesho yake watu mamia kadhaa walibanana katika ukumbi wa mazoezi wa shule, huko Bay Village, kitongoji cha mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Mbele kulikuwa na meza ndefu ya waandishi, na vipaza sauti vya redio vilitegwa pale alipoketi Gerber na pale walipoketi mashahidi. Akaingizwa daktari kijana wa miaka 30, shingo imefungwa kola ya matibabu, polisi wakampekua mwilini mbele ya macho ya wote. Alihojiwa kwa muda wa saa 5 na nusu. Mawakili wake walikuwemo ukumbini, lakini hawakuruhusiwa kushiriki, na yule mkuu wao alipojaribu kuingiza nyaraka kwenye kumbukumbu, alitolewa nje kwa nguvu. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Wanawake wakamwendea Gerber, wakamkumbatia na kumbusu.

Ungedhani ni harusi. Kumbe yalikuwa mahojiano juu ya mwanamke wa miaka 31, mjamzito wa miezi minne, aliyepigwa kichwani kitandani mwake mpaka akafa.

Marilyn Sheppard aliuawa alfajiri ya Julai 4, siku ambayo Marekani huadhimisha uhuru wake. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa Ziwa Erie. Usiku ule walikuwa na wageni, majirani waliokula nao chakula cha jioni, na mumewe, Dk. Sam Sheppard, alipitiwa na usingizi sebuleni wageni wakiwa bado wanatazama televisheni. Maelezo yake, ambayo hakuyabadili mpaka anakufa, ni kwamba alisikia mkewe akipiga kelele, akakimbilia juu, akaona umbo la mtu, akapigwa na kuzirai. Alipozinduka alisikia kishindo chini, akamkimbiza mtu huyo hadi ufukweni, wakakabana, akazimia tena. Mtoto wao wa kiume wa miaka 7 alikuwa amelala chumba cha jirani na hakuamka. Karibu saa 12 kasorobo asubuhi daktari alimpigia simu jirani yake, ambaye ndiye alikuwa meya wa Bay Village.

Ni maelezo yenye matundu, tusidanganyane. Mtu amzimishe mwenzake mara mbili usiku mmoja, kisha aende zake bila kutambuliwa? Polisi walikuwa na haki ya kumshuku mume. Na mume alijiharibia mwenyewe: pale ukumbini, chini ya kiapo, alikana kuwa na uhusiano na mwanamke aliyewahi kufanya kazi ya maabara katika hospitali ya familia yake. Haukupita muda mwanamke huyo akasema uhusiano ulikuwepo. Kuanzia hapo mji mzima ulijua mambo mawili kuhusu Dk. Sheppard, kwamba ni mwongo na kwamba ni mzinzi. Kutoka hapo hadi neno la tatu ni hatua fupi.

Mhariri wa Cleveland Press, Louis Seltzer, hakuwa mtu mdogo. Katika Cleveland wanasiasa walimwogopa. Hoja yake, aliyoitetea baadaye katika kitabu cha maisha yake, ilikuwa kwamba familia ya Sheppard, yenye madaktari na hospitali yake, ilikuwa imemjengea kijana wao ukuta, na polisi wa kitongoji kidogo hawakuthubutu kuubomoa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sisi wenyewe tumewaona watoto wa wakubwa wakilindwa, tukatamani litokee gazeti moja lenye ujasiri. Ila Seltzer hakuishia kuuliza maswali. Julai 20 tahariri yake ilisema kuna mtu anaachwa anatoroka na mauaji. Julai 30 ikauliza kwa nini Sam Sheppard hayuko jela, na toleo lililofuata siku hiyohiyo likabadili kichwa cha habari kuwa amri: acheni kuchelewa, mleteni. Saa 4 usiku wa siku hiyo Sheppard alikamatwa nyumbani kwa baba yake. Alipofikishwa ofisi za mji, mamia ya watu walikuwa wanamsubiri, wakiwemo wapiga picha na watangazaji. Nani aliwaambia waje?

Kabla ya kuingia mahakamani, niseme neno kuhusu jopo, maana kwetu halina picha kamili. Tanzania, kwa miaka mingi, jaji wa Mahakama Kuu aliyesikiliza kesi ya mauaji aliketi na wazee wa baraza. Mwishoni kila mzee alitoa maoni yake kwa sauti, naye jaji akaamua, aidha akiwafuata au akiwaacha. Kenya ya kikoloni ilikuwa na mbili kwa pamoja: Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa zito alipata jopo la Wazungu wenzake, Mwafrika alipata wazee wa kushauri tu. Na mwaka 2009 huko Nairobi, katika kesi ya Thomas Cholmondeley wa ukoo wa Delamere, kesi iliyojaza magazeti kwa miaka mitatu, wazee wa baraza walisema hana hatia, jaji Muga Apondi akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Marekani jaji hawezi kufanya hivyo. Watu 12 waliookotwa mtaani, fundi bomba, mama wa nyumbani, karani, wanajifungia chumbani, na wakitoka na neno "hana hatia," jaji hana la kuongeza. Si washauri hata kidogo. Kwa hiyo kilichomo vichwani mwao siku wanapoapa ni jambo la kufa na kupona.

Sasa tazama watu hao walivyopatikana. Siku 25 kabla ya kesi, majina ya watu 75 walioitwa kuchaguliwa yaliorodheshwa. Magazeti yote matatu ya Cleveland yakachapa majina hayo, na anwani za nyumbani juu yake. Simu zikaanza kulia, barua zikaja, nyingine hazina jina la mwandishi, nyingine zinatoka kwa marafiki, zote zikiwa na ushauri. Uchaguzi wa jopo ulianza Oktoba 18. Kati ya 12 waliokaa mwishoni, wanaume 7 na wanawake 5, ni mmoja tu aliyesema hajasoma wala kusikia habari za kesi ile kwenye vyombo vya Cleveland. Saba kati yao walikuwa wakiletewa nyumbani gazeti moja au zaidi ya yale ya mjini. Kila mmoja aliulizwa kama ataweza kuamua kwa ushahidi peke yake. Kila mmoja akasema ndiyo.

Mimi siamini kwamba walikuwa wanadanganya. Nenda kijiwe chochote cha kahawa kesi kubwa inapovuma, muulize mzee aliyeshika kikombe kama ana upendeleo. Atakuapia hana. Kisha atakueleza muuaji ni nani, alipita mlango gani na alilipwa kiasi gani. Upendeleo hauna harufu kwa aliye nao. Tuna methali inayotuponza tangu utotoni: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa umbea na mbaya sana kwa mahakama, maana inampa mshtakiwa kazi ya kuthibitisha kuwa lililosemwa halipo.

Chumba cha mahakama kilikuwa na upana wa futi 26 na urefu wa futi 48, sawa na ukumbi mdogo wa harusi. Ndani ya uzio, mahali ambapo kwa kawaida huketi mawakili na wahusika peke yao, jaji Edward Blythin aliruhusu meza ndefu ya muda kwa waandishi wapatao 20. Ilienea upana wote wa chumba, nyuma ya meza ya mawakili, na ncha yake moja ilifika chini ya futi 3 kutoka viti vya jopo. Ukiketi kwenye ncha ile ungeweza kumwazima mwanajopo kalamu bila kuinuka. Nyuma ya uzio kulikuwa na safu nne za mabenchi, tatu za mbele zikiwa za redio, televisheni na magazeti. Waandishi waliingia na kutoka kwa vishindo mpaka mashahidi wakawa hawasikiki. Sheppard akitaka kumnong'oneza wakili wake, ilibidi watoke chumbani, maana masikio ya meza ya nyuma yalikuwa karibu mno. Na ghorofa ya tatu, chumba kinachopakana na chumba cha mashauriano cha jopo, kilipewa kituo cha redio. Kilitangaza kutoka humo muda wote wa kesi, hata wanajopo wakiwa upande wa pili wa ukuta wanatafuta ukweli.

Siku jopo lilipopelekwa kuiona nyumba ya mauaji, saa ya ziara ilijulikana mapema kiasi kwamba gazeti moja lilipata nafasi ya kukodi helikopta, likawapiga picha kutoka juu. Picha za wanajopo zilitoka zaidi ya mara 40 kwenye magazeti ya Cleveland peke yake. Fundi bomba wa jana leo anatambulika dukani. Hebu fikiria mtu huyo anarudi kwake jioni, kwa sababu hawakulazwa pamoja mpaka walipoanza kushauriana, anakuta mke, shemeji na jirani wamemkodolea macho. Kila mmoja wao anajua anachotaka kusikia.

Kesi ikiendelea, mtangazaji maarufu Walter Winchell alisema hewani kwamba mwanamke mmoja aliyekamatwa New York kwa unyang'anyi anadai amezaa na Dk. Sheppard. Hakuna shahidi aliyelisema hilo mahakamani, na hakuna aliyehojiwa juu yake. Mawakili wa utetezi wakaomba jopo liulizwe. Jaji akauliza, na wawili wakakiri kwamba wamesikia. Je, litaathiri uamuzi wenu? Hapana, wakajibu. Basi, yakaisha, kesi ikaendelea. Mimi narudi kwenye jibu hilo kila ninapoifikiria kesi hii. Wangejibu nini kingine, wamesimamishwa mbele ya jaji na safu ya waandishi? Swali lenyewe lilikuwa limebeba jibu.

Jaji Blythin alikuwa na lake. Kesi ilianza wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba, yeye akigombea kurudi kwenye kiti chake, na kiongozi wa waendesha mashtaka akigombea ujaji vilevile. Katika mji ambao gazeti linaweza kumwangusha mtu, ni nani kati yao angewafukuza waandishi? Blythin alisema wazi kwamba si yeye wala mtu mwingine awezaye kuzuia yanayoandikwa. Kwa jopo alitoa maombi ya upole, kwamba wasisome na wasisikilize. Miaka 10 baadaye mwandishi Dorothy Kilgallen alieleza kwamba, siku za mwanzo wa kesi, Blythin alimwita ofisini kwake na kumwambia Sheppard ana hatia, halina mjadala. Kama ni kweli, basi aliyekuwa amekata shauri mapema kuliko wote hakuketi kwenye viti vya jopo.

Jopo lilijifungia siku tano na usiku nne. Waliruhusiwa kupiga simu nyumbani kila siku, na hakuna aliyeandika walimpigia nani wala walisema nini. Desemba 21, 1954, wakarudi. Hawakumtia hatiani kwa mauaji ya daraja la kwanza, ambayo yangemfikisha kwenye kiti cha umeme. Walimtia hatiani kwa daraja la pili, kuua kwa makusudi bila kupanga kabla. Kifungo cha maisha.

Hapa wapo wanaolitetea jopo lile, na hoja yao ina uzito. Watu waliokuja wameshaamua hawakai siku tano. Kundi lililolewa kelele za mtaani lingechukua nusu saa na kutoka na kiti cha umeme. Huenda walipambana kwa uaminifu na ushahidi uliokuwepo. Shida ni kwamba hatutajua kamwe, na hilo peke yake lilitosha kuivunja hukumu.

Januari 1955 mama yake Sheppard alijiua. Siku chache baadaye baba yake akafa kwa ugonjwa. Mtoto alilelewa na baba yake mkubwa. Mahakama za Ohio ziliikubali hukumu, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza mwaka 1956. Sheppard alikaa gerezani miaka 10. Mwaka 1964 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho, Carl Weinman, akiombwa na wakili kijana aitwaye F. Lee Bailey, alimwachia huru na kuiita kesi ile dhihaka kwa haki. Mahakama ya rufaa ikaipindua amri hiyo. Ndipo shauri likafika tena Washington.

Mahakama ya Juu ilikuwa imeshaanza kubadilika. Mwaka 1961 ilikuwa na kesi ya Leslie Irvin wa Indiana, aliyeshtakiwa kwa mauaji baada ya magazeti kutangaza kwamba amekiri. Katika kuchagua jopo, waliitwa watu 430. Kati yao, 268 waliondolewa kwa sababu walisema wameshaamua na hawawezi kubadilika. Kati ya 12 waliobaki, 8 walikiri wanaamini ana hatia, ila wakaapa kwamba wataliweka hilo kando. Mahakama ilikataa. Haikuwaita waongo. Ilisema tu kwamba pale mji mzima ulipofikia hapo, kiapo cha mtu mmoja mmoja hakibebi mzigo huo. Irvin alishtakiwa upya na akatiwa hatiani tena, jambo linalowakumbusha watu kwamba kesi safi haimaanishi kuachiwa huru.

Juni 6, 1966, uamuzi wa Sheppard ukatoka, 8 kwa 1. Aliyeuandika ni jaji Tom Clark. Hugo Black pekee alipinga, bila kueleza sababu. Kwa macho yangu, sehemu ya thamani katika uamuzi ule ni kile ambacho Clark hakukifanya. Hakuwauliza wanajopo kama waliathirika. Hakuyafungia magazeti, kwani katiba yao haitaki, wala hakusema watu wasiojua kitu ndio pekee wafaao kuketi. Alimgeukia jaji. Meza ile aliiruhusu nani? Chumba cha redio kilitolewa na nani? Majina na anwani zilitoka kwa nani? Mlango wa mahakama una bawabu, na bawabu alikuwa amekaa pembeni akitazama watu wanaingia. Clark akaorodhesha kilichowezekana: kuahirisha kesi hadi joto lipungue, kuihamishia wilaya nyingine, kuwalaza wanajopo pamoja mbali na magazeti, kupunguza idadi ya waandishi ndani ya chumba, kuwafunga midomo mawakili, polisi na mashahidi wasitoe habari nje.

Kesi ya pili ilianza mjini Cleveland Oktoba 1966, mbele ya jaji Francis Talty, aliyekuwa ameusoma uamuzi huo kama anayesoma barua iliyoandikiwa yeye. Waandishi walipunguzwa, kamera zikabaki nje, jopo likalazwa pamoja. Ajabu ya mambo, kama ni kujua habari, watu hawa walijua kuliko wale wa 1954. Miaka 12 ya vichwa vya habari ilikuwa imepita, na hakukuwa na mtu mzima Cleveland ambaye hakulijua jina la Sheppard.

Dk. Gerber alirudi kizimbani. Mwaka 1954 alikuwa ameliambia jopo kwamba damu kwenye mto wa kitandani ilionyesha alama ya kifaa cha upasuaji, maneno yanayomnyooshea kidole daktari bila kumtaja. Bailey akamuuliza kifaa gani. Gerber akasema amekitafuta Marekani nzima. Tuambie basi ulichokipata, akasema Bailey. Gerber hakuwa na cha kutaja. Swali hilo lilikuwa na miaka 12 likisubiri chumba chenye utulivu wa kuuliziwa. Novemba 16, 1966, jopo lilimwona Sheppard hana hatia.

Alirudi kwenye udaktari, hakudumu. Pombe ilikuwa imeshamshika. Mwaka 1969 akaingia kwenye mieleka ya kulipwa na jina la ulingoni likawa "Muuaji", watu wakalipa kiingilio kumtazama. Alikufa Aprili 6, 1970, akiwa na miaka 46. Gazeti la Cleveland Press lilifungwa mwaka 1982.

Mtoto aliyekuwa amelala chumba cha jirani alikua, akalidai jimbo la Ohio fidia kwa niaba ya baba yake. Kesi hiyo ya madai ilikuwa na jopo la watu 8, na safari hii mzigo wa uthibitisho ulikuwa juu ya familia: waonyeshe kwamba Sheppard hakuwa na hatia. Wataalamu walitoa ushahidi wa vinasaba uliotokana na damu ya 1954. Aprili 2000, baada ya wiki nyingi za ushahidi, jopo hilo lilishauriana kwa saa chache na kusema familia haijathibitisha.

Majopo matatu, majibu matatu, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumuua Marilyn Sheppard.